Wikiendi ndefu ya vitu vya zamani: Dodoma, Kongwa na Kondoa

Mimi na mume wangu tuna desturi ya kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa wiki, bila haraka, tukaenda katika mji mmojawapo kutembea, kula vizuri na kutafuta vitu vya zamani: redio, taa, vyombo vya shaba, samani za mninga na nguo zilizoshonwa kabla hatujazaliwa. Safari hii ya mwezi Septemba tuliongeza siku za likizo ili Dodoma isiwe mahali pa kupita tu. Nimeiandika baada ya kurudi, nikitumia daftari tulilokuwa tukilijaza kila usiku pamoja na picha za kwenye simu, na bei ninazozitaja ni zile tulizolipa sisi.

Tuliichagua Dodoma kwa sababu mji huo unajengwa upya. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, nyumba nyingi za zamani zimebomolewa au kukarabatiwa, familia zimehamia kwenye viwanja vipya, na makabati, redio na vitanda vya chuma vya wazazi vimetolewa nje. Vingine huishia kwa mafundi, vingine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ambao huvipima kwa kilo bila kuuliza vilikuwa vya nani. Sisi huuliza. Kila kitu tunachonunua huandikwa kwenye daftari: kilikuwa cha nani, kilitumika wapi, kimetengenezwa mara ngapi na kwa nini kinauzwa. Kitu kisicho na maelezo hayo huwa tunakiacha, hata kikiwa kizuri.

IJUMAA: Dar es Salaam hadi Dodoma

Tulipanda treni ya alasiri ya reli ya kisasa kutoka Stesheni ya John Magufuli. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Tsh 31,000 kwa kila mmoja. Treni hizi zilianza kubeba abiria hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na mtu aliyezoea kukaa ndani ya basi kutwa nzima hushangaa anapofika kabla chakula alichofungasha hakijaisha.

Ninashauri treni ya alasiri kwa yeyote ambaye hajawahi kupita njia hiyo, kwa sababu sehemu nzuri kuliko zote huanza baada ya Morogoro na ni vyema kuiona mchana. Karibu na Kilosa treni huingia kwenye mahandaki yaliyotobolewa milimani, na ikitoka unaiona reli ya zamani ikipinda pamoja na Mto Mkondoa. Kipande hicho cha Kilosa hadi Gulwe kimesombwa na mafuriko mara nyingi. Ni sehemu ya Reli ya Kati ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905; ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaenda Tabora mwaka 1912 na kuishia Kigoma mwaka 1914. Mume wangu, ambaye babu yake alifanya kazi ya kukagua mataruma, alisimama dirishani kutoka Kilosa mpaka giza lilipoingia.

Jirani yetu wa kiti alikuwa mama aliyekwenda kumwona binti yake anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Alitugawia karanga na mayai ya kuchemsha, akatuonya kwamba upepo wa Dodoma wa mwezi huo hukausha midomo, na kabla hatujashuka alimpigia simu dereva wa bajaji anayemwamini ili atupeleke na sisi. Dereva alitutoza Tsh 5,000 hadi nyumba ya kulala wageni ya Area C, ambako chumba chenye maji ya moto na kifungua kinywa kilikuwa Tsh 45,000. Chakula cha usiku kilikuwa kuku wa kienyeji, ugali wa mtama na mlenda.

Kwa watakaofuata: fika stesheni mapema, kwa kuwa kuna ukaguzi wa tiketi, kitambulisho na mizigo, na treni haimsubiri mtu. Tiketi za Ijumaa na Jumapili hununuliwa haraka sana. Zikate siku kadhaa kabla.

JUMAMOSI: Mnada wa Msalato

Jumamosi ndiyo siku ya mnada wa Msalato, kaskazini mwa mji kwenye barabara iendayo Kondoa na Arusha. Tulipanda daladala kwa Tsh 1,000 kila mmoja, tukiwa tumebanwa kati ya madumu ya mafuta ya alizeti na jogoo watatu waliofungwa miguu. Watu wengi wa mjini huenda Msalato kwa ajili ya nyama choma, na nyama hiyo inastahili sifa zake, lakini anayetafuta vitu vya zamani aende asubuhi wakati wauzaji wadogo wanapotandika maturubai yao.

Mnada umejigawa wenyewe. Upande mmoja ni mifugo na wafugaji wenye mashuka na fimbo, upande mwingine nafaka, halafu mitumba, halafu mafundi wa katambuga na wauza sufuria, na pembezoni kabisa, mahali ambapo watu wengi hawafiki, wanakaa akina mama na wazee walioleta kitu kimoja au viwili kutoka nyumbani. Huko ndiko tulikotumia saa zetu zote za asubuhi.

Kitu cha kwanza kilikuwa chemli ya Dietz, yenye kutu kidogo kwenye mpini na kioo chake chenyewe. Mama aliyeiuza alitupokea kwa "Mbukwenyi", akafurahi mume wangu alipojaribu kumwitikia kwa Kigogo. Alieleza kwamba taa hiyo iliwashwa katika duka la mume wake huko Zanka hadi umeme ulipofika, na kwamba sasa kuitunza ni kazi kwa kuwa wajukuu wanaichezea. Alitaka Tsh 15,000, tukakubaliana Tsh 12,000. Kabla ya kununua chemli, itikise uone kama kisima cha mafuta kina mchanga wa kutu ndani, kisha ipulizie pumzi kwenye mdomo wa kujazia huku umeziba tundu la utambi. Ukisikia hewa inatoka chini, kisima kimetoboka na taa hiyo itabaki kuwa pambo.

Baadaye tulikaa muda mrefu na mzee mmoja mwenye kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kwa gogo moja, kimeng'aa katikati kwa kukaliwa. Mume wangu alimuuliza, kwa adabu inayostahili, kama kigoda hicho hakikuwa cha ukoo, maana viti vya namna hiyo vingine hukaliwa na mkubwa wa nyumba na havipaswi kufika mnadani. Mzee hakuchukizwa na swali. Alisema ni kazi ya mikono yake mwenyewe, alikichonga alipooa, na tangu mwanawe amnunulie viti vya plastiki hakuna anayekikalia. Tulikinunua kwa Tsh 25,000 alizotaja, bila kupunguza. Ninaamini katika kupatana bei na mfanyabiashara, lakini mtu akikuuzia kazi ya mikono yake iliyomchukua siku nyingi, na bei yake ni ya haki, mpe anachotaka.

Kwenye mitumba nilipata gauni la sufu la rangi ya zabibu kwa Tsh 4,000. Wanaotafuta nguo za zamani ndani ya malundo haya watazame zipu na lebo kabla ya kitu kingine. Zipu ya chuma, hasa iliyoshonwa ubavuni, ni dalili nzuri, na lebo inayotaja nchi ambayo haipo tena ni dalili bora zaidi: gauni langu linasema limetengenezwa Ujerumani Magharibi, jina lililoachwa mwaka 1990. Kijana muuzaji alikuwa amelitupa pamoja na mashati yaliyochanika vifungo. Nilimwonyesha lebo hiyo nikamweleza maana yake, akaanza kupekua lundo lake upya kwa macho mengine.

Nyama ya mbuzi tuliila saa saba, kilo moja kwa Tsh 14,000, pamoja na ndizi za kuchoma, chumvi na pilipili. Mchomaji alituhifadhia mizigo chini ya meza yake hadi tulipomaliza kuzunguka, akakataa malipo ya kutunza. Alasiri upepo ulitimua vumbi jekundu hadi ng'ombe wakageuza migongo, daladala zikajaa watu hadi mlangoni, nasi tukasubiri kwa zaidi ya saa moja mpaka dereva wa lori la mchanga aliposimama na kutukaribisha mbele pamoja na kigoda chetu.

JUMAPILI: Mjini, bila haraka

Baada ya ibada tulitembea kwa miguu. Dodoma ya katikati ni ndogo, na ndani ya mwendo mfupi unaona kanisa kuu la Kianglikana lenye kuba, kanisa la Kilutheri, Msikiti wa Gaddafi na uwanja wa Nyerere Square wenye sanamu ya Mwalimu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa na TANU mwaka 1973, na sheria ya kuyatangaza rasmi ilikuja mwaka 2018; ukitembea katikati ya mji unayaona majengo ya kila kipindi kati ya miaka hiyo yakiwa yamepangana bega kwa bega.

Mitaa tuliyoikusudia ilikuwa ya Uhindini, yenye maduka ya zamani ya vibaraza na milango ya mbao ya kukunja. Maduka mengi hufungwa Jumapili, jambo tulilolipenda kwa kuwa vibaraza vinaonekana vizuri vikiwa havina bidhaa. Mhudumu mmoja wa kanisa alikuwa ametueleza habari za fundi redio anayefanya kazi uani nyuma ya mitaa hiyo, na akampigia kumwomba atufungulie baada ya chakula cha mchana. Fundi alikuja na mjukuu wake, akafungua kufuli mbili, na ndani mlikuwa na redio zimepangwa hadi darini.

Tulikaa naye mpaka magharibi. Alituonyesha redio za taa za glasi, ambazo huchukua muda kupata moto kabla hazijaanza kusema, kisha zile za transista zilizozifuata na kuwezesha redio kufika vijijini kusiko na umeme, kwa betri kubwa tu. Alikumbuka jinsi watu walivyokusanyika uani kusikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na jinsi mwenye redio alivyokuwa akianika betri juani ili ziongeze siku mbili tatu. Sisi tulipenda redio ya National ya kasha la mbao. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Mvumi, ambaye watoto wake waliileta itengenezwe kisha wakaomba iuzwe baada ya mzee kufariki. Fundi alibadilisha kondensa zilizovimba, akasafisha swichi ya sauti kwa spiriti, akashona upya kitambaa cha spika. Alitaka Tsh 90,000, akatupunguzia hadi 80,000, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika kwenye daftari letu vipuri alivyoweka na siku aliyoviweka.

Maneno yake kwa wanaonunua redio za zamani nayaleta kama alivyoyasema. Usiichomeke kwenye umeme siku ya kwanza ili kuijaribu. Fungua kwanza mfuniko wa nyuma uone kama kuna waya uliotafunwa na panya au betri iliyovuja. Soma kibandiko cha volti, kwa sababu nyingine zilitoka nchi za volti 110 na zitaungua kwenye umeme wetu wa 230. Usimwamini muuzaji anayekataa usiifungue.

Jioni tulinunua zabibu kando ya barabara kwa Tsh 3,000 kilo. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na za msimu huu wa kiangazi ni tamu sana. Tulinunua pia chupa ya mvinyo mwekundu mtamu wa hapo hapo, tukainywa nusu kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni huku mume wangu akizungusha kisahani cha redio na kukamata stesheni za mbali.

JUMATATU: Kongwa

Magari madogo ya Kongwa huondokea Stendi Kuu ya Nzuguni na hayaondoki mpaka yajae. Letu lilijaa baada ya saa moja na nusu. Nauli ilikuwa Tsh 5,000. Njia hupita Ihumwa na Chamwino, kisha huiacha barabara kuu ya Morogoro pale Mbande. Mibuyu haikuwa na majani, na ardhi ilikuwa nyekundu hadi mwisho wa macho.

Tulikwenda Kongwa kwa sababu ya karanga. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka vichaka hapa ili ilime karanga kwa mashine. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta kwa ajili ya kazi hiyo. Mvua zilikuwa haba, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kuvunja, karanga zikanasa ardhini, mashine zikaharibika, na mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wagogo waliokuwa wakiishi na ukame huo tangu zamani wangeweza kueleza mapema habari za mvua hizo. Mwaka 1964 Tanzania iliyageuza mabaki ya mpango huo kuwa mahali pa manufaa: wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA walipewa kambi Kongwa, wakafunzwa na kuishi hapa.

Katika duka moja dogo la mjini tuliona bati la majani ya chai lililojaa sarafu. Mwenye duka alizimwaga zote kwenye kaunta, akaburuta stuli, akatuachia tuchague wakati yeye akihudumia wateja. Zilikuwemo senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, na sarafu zetu za kuanzia mwaka 1966 zenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye senti hamsini, mwenge kwenye shilingi. Alituuzia kila moja kwa Tsh 1,000. Watoto wawili waliokuja kununua chumvi walisimama nasi kuangalia, na mwenye duka akawaeleza kwamba kwa senti hamsini hiyo mama yake alikuwa akinunua mkate.

Ni yeye aliyetutuma kwa bibi mmoja anayeishi nje kidogo ya mji, ambaye baba yake aliendesha trekta katika mpango wa karanga. Tulimwamkia shikamoo, akatukaribisha kwenye mkeka na kutuletea karanga za kukaanga, akicheka kwamba karanga za jembe la mkono hazijawahi kumkatalia. Kisha akamwita mjukuu wake atoe sanduku. Lilikuwa sanduku la chuma la rangi ya kijani kibichi, lenye mikono pande mbili, na juu ya kifuniko chake zilisomeka kwa shida herufi O.F.C., za shirika la Overseas Food Corporation lililochukua uendeshaji wa mpango mwaka 1948. Baba yake alipewa sanduku hilo kazi ilipokwisha.

Mume wangu alimuuliza taratibu kama amewahi kufikiria kuliuza.

"Wajukuu zangu," alisema, "hili haliuzwi. Vyeti vya ubatizo vya nyumba nzima vimo humu, na hati ya shamba, na nywele za mwanangu wa kwanza. Nikiliuza, hivyo nitaviweka wapi?"

Alitufungulia tuone. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa chake, na ndani ya kifuniko baba yake alikuwa ameandika kwa penseli siku walizozaliwa watoto wake wote. Tuliomba ruhusa ya kupiga picha ya bibi akiwa amekaa pembeni ya sanduku, akakubali kwa sharti kwamba tumletee iliyosafishwa kwenye karatasi, kwa kuwa ya kwenye simu haina faida kwake. Nilifurahi alivyokataa kuliuza. Sanduku hilo bado linafanya kazi yake, na daftari letu lina ukurasa mzima juu yake ingawa hatukulipa hata senti.

JUMANNE: Kondoa na Kolo

Basi la alfajiri kwenda Kondoa lilitutoza Tsh 10,000 kila mmoja. Lilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili, likaondoka saa moja na nusu bila maelezo. Abiria wa nyuma yetu alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, akaizungusha kwa viti vinne. Baada ya hapo mwendo ni wa lami yote, sehemu ya barabara ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018. Wazee wa Kondoa wanaikumbuka njia hiyo ya vumbi na matope iliyokuwa ikiwalaza porini.

Ukikaribia Kondoa angalia makorongo mekundu yaliyochimbwa na mvua. Ardhi hii ilimomonyoka vibaya hadi mwaka 1973 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Leo miti imeshika kingo nyingi za makorongo hayo.

Tuliacha mizigo kwenye nyumba ya wageni ya Tsh 30,000, tukachukua gari kwenda Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Lipia ada na uchukue mwongoza wageni kwenye kituo cha Kolo kijijini, kisha bodaboda hukupeleka hadi chini ya mlima. Tulilipa Tsh 10,000 kila mmoja kwenda na kurudi pamoja na kusubiriwa. Kupanda ni kwa mguu na kuna mawe yanayoteleza, kwa hiyo vaa viatu vilivyofungwa na ubebe maji ya kutosha.

Sitaweza kueleza vya kutosha jinsi michoro myekundu ilivyo laini: watu warefu wembamba wenye nywele zilizotuna, twiga, tembo, mistari ya brashi inayoonekana moja moja. Juu yake, mahali pengine, ipo michoro mipya zaidi ya rangi nyeupe. Mwongozaji wetu alieleza kwamba Wairangi bado wanaliheshimu pango la Mungomi kwa maombi ya mvua na ya uponyaji. Alituomba tusiguse mwamba wala tusimwagie maji ili rangi zionekane kwenye picha, kwa kuwa maji ndiyo yanayoziua.

Hapa niseme jambo kwa wapenzi wenzangu wa vitu vya kale. Huko njiani mtu anaweza kukutolea jiwe lililochongwa au kipande cha chungu akisema kimetoka pangoni. Usinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo kwa ajili hiyo, na kila kipande kinachotoka pangoni huondoka na habari ambayo mtaalamu angeisoma pale kilipolala. Vivyo hivyo usinunue pembe, meno wala ngozi za wanyamapori, hata ukiambiwa ni za babu.

Jioni, baada ya sala ya isha, tuliketi kwenye benchi la muuza kahawa karibu na msikiti mjini Kondoa. Kikombe Tsh 200, kashata Tsh 100. Alimimina kahawa kutoka kwenye dele jipya la alumini, lakini nyuma yake, juu ya sanduku, palikuwa na mdila wa shaba wenye mdomo mrefu na bawaba iliyounganishwa kwa waya. Ulikuwa wa baba yake, aliyeuza kahawa kwenye benchi hilo hilo. Shaba ilikuwa imeliwa ndani, na fundi wa kuupaka bati hapatikani tena Kondoa.

Mume wangu alimwambia kwamba Dar es Salaam tunamfahamu fundi anayeweza. Muuza kahawa hakujibu papo hapo. Alisema kaka yake mkubwa ndiye mwenye neno, tukubali kurudi asubuhi.

JUMATANO: Kondoa hadi nyumbani

Kaka mtu alikuwa ametutangulia kufika benchini. Alituuliza tunafanya kazi gani, tuna watoto wangapi, tunakunywa kahawa mara ngapi kwa siku. Kisha akataja Tsh 60,000 na sharti moja: "Msiufanye pambo la sebuleni. Mdila huu haujawahi kukaa bure." Tulimpa fedha na ahadi, naye akatueleza habari za marehemu baba yao huku mimi nikiandika haraka kadiri nilivyoweza: njia alizopita na jiko lake mkononi, wateja waliolipa mwisho wa mwezi, siku bawaba ilipokatika na waya ule ukafungwa kwa muda na kubaki miaka yote.

Tulirudi Dodoma kwa basi la saa nne. Vitu vizito, yaani redio na kigoda, tulivifungasha kwa mablanketi ya mitumba na kuvituma kama kifurushi cha basi kwa Tsh 15,000, chemli na mdila tukapakata wenyewe kwenye treni ya jioni. Ukituma kitu chenye kioo, kipige picha pande zote mbele ya karani, uandike neno kioo juu ya kifurushi kwa kalamu nene, na udai risiti yenye namba ya gari.

Kifurushi kilifika Ijumaa kikiwa salama. Fundi wa Kariakoo alichukua siku kumi kuupaka mdila bati na alitutoza Tsh 35,000. Waya wa bawaba tulimwomba asiuguse. Picha ya bibi wa Kongwa tuliisafisha kwa ukubwa wa karatasi ya barua, tukaipeleka stendi, na kondakta alipoiona akakataa kupokea nauli ya bahasha. Mwenye duka la sarafu ameshatupigia simu kusema imefika, na kwamba bibi anataka nyingine ya pili kwa ajili ya kaka yake wa Mpwapwa. Tutaipeleka wenyewe mwezi Februari zabibu zitakapoiva tena, halafu tuendelee hadi Singida.